Bega la Karisa

Tangu nistaafu, vijana wa idara yetu ya michezo hawanipi raha. Kila wakipita Malindi hunijia nyumbani, hunywa chai yangu, humaliza mahamri yangu, kisha huniambia, "Mwalimu, andika mambo ya kazi, nasi tujifunze." Nikianza kuwaeleza namna ya kutunza wavu usiliwe na panya, naona macho yao yanakwenda dirishani. Wanachokitaka ni Karisa. Haya, nitawapa Karisa, lakini kwanza watapita kwenye wavu na panya, maana hata mimi nilipita huko.

Nilipoajiriwa, chuo chetu nje kidogo ya mji wa Kilifi kilikuwa na madarasa mazuri na uwanja wa aibu. Siku ya kwanza nilikuta mbuzi wamelala golini, wametulia kabisa. Aliyenipokea ni Mwalimu Shali, mkuu wa michezo, mzaliwa wa Ngomeni, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vyeupe, nikitarajia kukabidhiwa timu. Alinikabidhi kamba, vigingi na ndoo ya chokaa.

"Piga mistari," akaniambia.

"Na timu iko wapi, mwalimu?"

"Ikiona mistari itakuja."

Nilipiga mistari. Akaja, akainama, akafumba jicho moja, akasema upya. Nikafuta, nikapiga tena. Tulikwenda hivyo hadi adhana ya alasiri, na viatu vyangu havikupata doa, kwa kuwa chokaa na viatu vilikuwa rangi moja. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata siku ile.

Kwake nilijifunza kwamba sindano ya pampu haiingizwi kavu kwenye mpira, unailowesha kwanza kwa mate, la sivyo unapasua kibofu cha ndani. Yeye sindano yake aliichomeka kwenye kofia, asije mtu akaiazima. Wavu aliusuuza kwa maji baridi kutoa chumvi ya upepo wa bahari, akauanika kivulini, kisha akauning'iniza darini kwa waya uliopitishwa kwenye kifuniko cha kopo. Panya akishuka kwenye waya anafika kwenye kifuniko, anateleza. Nimeona vyuo vyenye mabasi mapya na nyavu zenye matundu, na nikacheka peke yangu.

Jambo jingine alilonifunza ni kwenda majumbani. Mwalimu Shali hakumsafirisha mchezaji yeyote kabla ya kufika kwao, akakaa, akala walichopika, ndipo akaomba ruhusa. Barua za chuo hakuziamini katika jambo hilo. Alipostaafu nikaishika kazi yake, nikaishika na desturi hiyo. Nimekula samaki wa kupaka Ngomeni na mihogo ya nazi Mnarani, na kila mara nilirudi nikijua kitu ambacho mtoto mwenyewe asingeniambia. Wapo waliokuwa wakinijia uwanjani na kuniuliza mimi, mwanamke, kocha yuko wapi, huku filimbi iko shingoni mwangu. Majumbani hakuna aliyeniuliza hivyo.

Karisa alikuja mwaka wake wa kwanza kuazima mpira. Alikuwa mwanafunzi wa kilimo, mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo haikujua ikae wapi. Nilikuwa nahamisha mikuki ya riadha kuipeleka stoo, nikamwambia anisaidie mmoja, na kwa kuwa stoo ilikuwa ng'ambo ya uwanja, yeye aliona njia rahisi ya kuufikisha ni kuurusha. Mkuki ulipita uwanja, ukapita stoo, ukatua kwenye mchicha wa mke wa mhasibu wa chuo. Nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema kwao hurusha magongo kuangusha korosho. Nilikwenda kuomba radhi kwa ajili ya mchicha huku moyo unanidunda kwa furaha.

Kufikia mwaka wa pili alikuwa akirusha mkuki, akicheza voliboli na mpira wa mikono, na katika yote hayo hatukuwa na wa kumfikia. Kuogelea ndiko alikokuogopa, kwani alikulia bara, maji aliyoyajua ni ya kisima. Rafiki yake Athmani, mpangaji wa mipira wetu katika voliboli, mtoto wa Ngomeni aliyeogelea kabla hajatembea, alimchukua kwenye hori, ule mkono wa bahari unaotenganisha mji na Mnarani, akamfundisha kwa kumcheka. Mwaka uliofuata Karisa akamshinda Athmani kuvuka hori, na Athmani hakusema naye hadi magharibi. Magazeti yalipoanza kuandika habari zake, walimwita mwanamichezo wa michezo minne. Mimi niliona ni mkono mmoja, wa kulia, unaofanya kazi nne, na nikawa nauangalia kama mwenye gari moja anavyoangalia gari lake.

Kabla ya safari yake ya kwanza nilikwenda kwao, ndani ya Matsangoni, mwendo mzuri wa miguu kutoka barabarani, kati ya mikorosho na mihogo. Aliyemlea ni bibi yake mzaa baba, ambaye kwa Kigiriama wanamwita hawe. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, amevaa hando, ile sketi ya marinda ya wazee wa kike wa Kigiriama, mgongo umenyooka kama wa msichana.

"Ndiye wewe unayekaa kutwa na mume wangu," akasema, "kisha unanirudishia likizo amekonda?"

Nikababaika. Karisa akacheka hadi akakaa chini. Kwao mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na Karisa alilichukua jina la marehemu mume wa hawe. Kwa utani wao basi, huyo kijana ndiye mumewe, na ana haki ya kumgombeza, kumdekeza na kumwonea wivu kama mume hasa. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ya watu bila kujua nimeolewa.

"Basi karibu, mke mwenzangu," akaendelea. "Mkubwa ni mimi. Wewe mdogo, usisahau."

"Nimesikia, mke mkubwa."

Akanipikia sima na mboga ya mchunga, chungu kama dawa, nikamaliza sahani nzima naye ananitazama. Ndipo akatoa ruhusa. Tangu siku hiyo kila nilipofika aliniuliza habari za mume wetu, kama anakula, kama analala, kama kuna wasichana. Habari za vikombe hakuziuliza hata mara moja.

Wasichana walikuwapo, nisidanganye. Walikuwapo na watangazaji wa redio, na wakubwa wa chuo waliogundua ghafla kwamba wanapenda voliboli. Karisa aliwasalimu wote kwa heshima ileile na kurudi kufunga wavu, maana nyota au si nyota, kwangu kila mtu alifunga wavu. Nilimpenda kijana yule. Sikuwa na wa kwangu wa kuzaa, na sioni haya kusema kwamba alipokuwa akishuka uwanjani nilijisikia kama mama anayemtazama mwanawe akienda shule na nguo zilizopigwa pasi.

Mwaka wake wa mwisho tulishinda nusu fainali ya voliboli mjini Malindi, nami nikaipeleka timu nyumbani kwa dada yangu, aliyepika pilau. Tulitandika mikeka, masinia yakawekwa, watu wakanawa. Karisa akaomba kijiko.

"Umekuwa mzungu lini?" Athmani akamwuliza. Wote wakacheka.

Dada akaleta kijiko. Karisa akakishika kwa mkono wa kushoto. Kwetu mkono wa kushoto hauingii siniani, hata mtoto mdogo anajua, na yeye alikuwa amekula na sisi mara nyingi kwa adabu kamili. Nilikuwa nimefungua kinywa kumkemea mbele ya dada yangu, kisha nikafunga. Nikauangalia ule mkono wa kulia. Ulikuwa umelala pajani, umetulia kupita kiasi.

Nikayakumbuka mambo ya mwezi ule. Mpira wa kuanzisha alikuwa akiupiga kwa chini, akasema ni mbinu mpya. Mipira ya juu aliyokuwa akiishindilia kwa nguvu, alikuwa akiidokoa kidogo tu nyuma ya mikono ya wapinzani, na gazeti moja likamsifu kwa akili. Akili gani. Kijana alikuwa hawezi kuinua mkono.

Asubuhi yake nilimpeleka kwa daktari wa mifupa palepale Malindi. Daktari alimgeuza, akamwinua mkono kidogo, Karisa akauma mdomo. Kano za bega zimechanika, akasema. Akipumzika msimu mzima zitashika. Akiendelea kupiga mipira zitakatika, na mkono huo hautapanda tena juu ya kifua, si kwa mchezo wala kwa jembe.

Fainali ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wetu wenyewe. Mtu wa klabu moja kubwa ya bara alikuwa amekwisha kusema atakuja kumtazama Karisa, na kwenye klabu ile ndiko walikotoka wengi wa timu ya taifa. Jezi ya taifa ndiyo aliyokuwa akiiota tangu siku ya mkuki na mchicha.

"Mwalimu, mechi moja tu," akaniambia tukiwa njiani kurudi.

"Hata seti moja."

"Yule mtu hatakuja tena."

"Na bega je, litakuja tena?"

Tulipofika chuoni akashuka, akasimama mlangoni, akasema kwa upole wake wote, "Nitamleta hawe. Akisema nicheze, utamkatalia mke mkubwa mbele za watu?"

Niliogopa, nasema kweli. Msimamizi wa wanafunzi hakunitisha. Alipokuja ofisini kwangu kuniambia chuo kizima kinamngoja Karisa nilimwambia basi na kingoje, nikaendelea kujaza mipira upepo. Lakini hawe alikuwa amenikabidhi mtu wake kwa mkono wake, nami nilikuwa nimekula mboga yake. Angesema, "Mwache mume wangu acheze," ningemjibu nini bila kumvunjia heshima? Niliamua nitamkatalia, na nilijua kwamba nikimkatalia nimepoteza nyumba ile.

Jumamosi watu walijaa mapema. Hawe alifika kwa pikipiki, amekaa upande na hando lake, kapu la mihogo mapajani. Mwenye pikipiki akalitua kapu pembeni mwa uwanja, na hawe akaja kwenye benchi letu kama anayeingia kwake. Timu ilikuwa imeanza kupasha mwili. Karisa alikuwa amekwisha kuvaa jezi. Mtu wa klabu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na msimamizi wetu ameketi ubavuni pake.

"Shikamoo, mke mkubwa," nikamwambia.

"Marahaba. Mume wetu amenambia umemgombeza."

"Nimemkataza kucheza, hawe. Na sitabadili."

Alimwita Karisa, naye akaja mbio, uso umechangamka, akinitazama kwa jicho la ushindi.

"Mulume wangu," hawe akasema, "mihogo ile ni ya mke mwenzangu, mpaka jikoni kwake. Nitwike."

Kumtwika mtu mzima mzigo kichwani ni jambo ambalo huku kwetu hata mpita njia hulifanya bila kuombwa mara mbili. Hawe akaikunja kanga yake akafanya kata, akaiweka kichwani, akasimama kungoja. Karisa akainama, akalishika kapu kwa mikono miwili. Alilifikisha kiunoni. Alilifikisha kifuani. Pale mkono wa kulia ukagoma, kapu likainamia upande, mihogo miwili ikaanguka. Akajaribu tena. Jasho lilikuwa likimtoka na mchezo haujaanza. Wachezaji wenzake wakaacha kupiga mipira, na Athmani akapiga hatua kuja kumsaidia.

"Mwache," hawe akasema. "Mume wa mtu hasaidiwi."

Karisa akalitua kapu chini, akabaki ameinama juu yake.

"Tangu mvua za vuli," hawe akamwambia, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, "ukija nyumbani unamwita mtoto wa jirani anitwike maji. Nikajisemea, mume wangu amenichoka, amepata wa mjini. Kumbe hunitwiki kwa sababu huwezi. Nawe unaniita nije nimwombe huyu akumalize."

"Hawe, mtu mwenyewe amekuja kunitazama."

"Na mimi nimekuja kukutazama. Vua nguo ya watu."

Karisa alilia pale mbele ya watu wote, mtu mzima yule, na hawe akamsimamia mbele hando lake likimkinga na macho ya watu. Kisha akaivua jezi. Ilimchukua muda kuitoa upande wa kulia. Nikamsaidia mkono upite, na hakunitazama.

Tulishindwa, katika seti ya mwisho, kwa tofauti ndogo. Mtu wa klabu hakuondoka bure. Alimchukua Athmani, na Athmani alistahili. Athmani alipoitwa jina, Karisa alimpongeza kwa kujipiga paja kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kupiga makofi kulimuuma. Msimamizi wa wanafunzi alinipita kama mlingoti wa goli. Mihogo niliila wiki nzima, na sikuwahi kula mihogo migumu kumeza kama ile.

Kwa muda mrefu Karisa hakunisalimu. Alikuja kila jioni, hilo hakulikosa. Nilikuwa nimekata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nikaufunga kwenye mlingoti, na daktari alikuwa amenionyesha namna ya kumfanya auvute taratibu, kiwiko kikigusa mbavu, nje, ndani, nje, ndani. Vijana mnaorithi stoo yangu, mpira wa baiskeli ni bora kuliko mikanda yenu ya rangirangi, na ukikatika unakata mwingine. Alivuta, nami nikasimama ubavuni nikihesabu, na mbuzi wakapita kati yetu. Siku aliyoweza kugusa mwamba wa juu wa goli kwa kiganja cha kulia aliuacha mkono pale kwa muda, akauangalia. Kisha akanigeukia akasema, "Shikamoo, mwalimu." Niliingia stoo nikajifanya natafuta sindano ya pampu.

Mkuki hakuurusha tena kama zamani, na jezi ya taifa hakuivaa. Siku hizi ni bwana kilimo, na jioni hufundisha voliboli shule moja karibu na kwao. Vijana wakiniuliza angefika wapi, nawaambia sijui. Hajawahi kuniambia nilifanya vyema, na sijawahi kumwuliza.

Hawe alifariki mwaka huu, miezi michache baada ya mimi kustaafu. Karisa alinipigia simu mwenyewe. Nilipofika nilikaa nyuma, na wageni wengine, mgeni tena Mwislamu nisiyezijua taratibu zao, lakini wakwe za hawe wakaja wakanishika mkono, wakanikalisha kwenye mkeka wao wa mbele. "Huyu ni mke mdogo," mmoja akawaeleza waliouliza, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nililia.

Kaburi lilichimbwa mbali na nyumba, ng'ambo ya shamba la mihogo, pembeni mwa kaburi la mumewe. Wanaume wakalibeba jeneza mabegani. Karisa alishika mbele, upande ambao mzigo hukalia bega la kulia, mkono wake umeinuliwa kulizuia lisiteleze. Njia ilikuwa na matuta, jua limewaka. Katikati ya shamba wenzake wakabadilishana, mmoja akamgusa Karisa mgongoni ili ampokee. Akatikisa kichwa. Wakamgusa tena mbele kidogo. Akatikisa kichwa.

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, na kazi niliyoifanya miaka yote haikuniacha hata pale. Nililitazama lile bega kuona litashuka wapi. Halikushuka.